Jinsi ya Kuunganisha Kompyuta Mpakato Mbili kwa Wi-Fi Bila Ruta na Kuhamisha Faili: Mwongozo Kamili

Wengi wanaojaribu kazi hii hukwama mahali palepale. Kompyuta mbili zinaonyesha kwamba zimeunganishwa, alama ya Wi-Fi inaonekana, lakini folda haifunguki, au nenosiri linakataliwa kila linapoandikwa. Hapo mtu hurudi mwanzo, akazima na kuwasha Wi-Fi, akabadilisha nenosiri la mtandao, na tatizo likabaki kama lilivyokuwa.

Kisa ni kwamba hizi ni kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni kujenga njia, yaani kuifanya kompyuta moja irushe mtandao na nyingine ijiunge nao. Ya pili ni kutoa ruhusa, yaani kuiambia Windows ni nani anayeweza kufungua folda gani. Njia inaweza kuwa nzima kabisa huku ruhusa haipo, na anayehangaika na Wi-Fi wakati tatizo liko kwenye ruhusa anaweza kupoteza siku nzima. Ndiyo maana karibu kila hatua hapa chini ina kipimo chake, na ninakuomba usiende hatua inayofuata kabla kipimo hakijatoa jibu sahihi.

Mwongozo huu unahusu Windows 10 na Windows 11. Mwenye kompyuta mbili za Mac hana haja nao, kwa sababu AirDrop huunganisha Mac mbili moja kwa moja bila ruta. Kompyuta inayorusha mtandao na kuhifadhi folda nitaiita mwenyeji, na ile inayojiunga na kuchukua faili nitaiita mgeni. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye Windows ya Kiingereza, ndani ya alama za kunukuu, ili uyatambue ukiyaona kwenye kioo.

## Vitu unavyohitaji

- Kompyuta mbili zenye Wi-Fi inayofanya kazi.
- Chaja za kompyuta zote mbili. Usianze kuhamisha faili nyingi kwa kutegemea betri, kwa sababu Windows hupunguza nguvu ya kadi ya Wi-Fi ili kuokoa chaji, na kompyuta ikilala uhamishaji hukatika.
- Akaunti ya msimamizi kwenye kompyuta mwenyeji. Ukiwa na akaunti ya kawaida utakwama Hatua ya 3.
- Nafasi ya kutosha kwenye diski ya mgeni. Iwapo unapokelea kwenye diski ya nje, angalia imeandaliwa kwa mfumo gani: diski ya FAT32 haipokei faili moja inayofikia gigabaiti 4, hata ikiwa na nafasi tupu ya gigabaiti 500.
- Karatasi na kalamu. Utaandika anwani moja, jina la kompyuta na nenosiri, na kuyaandika ni salama kuliko kuyakumbuka.

Kabla ya kuanza, zima VPN (programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye kompyuta ya mbali) kwenye kompyuta zote mbili. VPN inaweza kuyapeleka mawasiliano yako nje wakati wewe unataka yabaki baina ya kompyuta mbili zilizo juu ya meza moja.

Kama unachohitaji ni picha mbili au waraka mmoja, huna haja ya hatua zote hizi. Washa Bluetooth na Wi-Fi kwenye kompyuta zote mbili, fungua «Settings», kisha «System», kisha «Nearby sharing» (kwenye Windows 10 mpangilio huu uko ndani ya «Shared experiences»), ruhusu kupokea kutoka kwa walio karibu, halafu bofya faili kwa kitufe cha kulia na uchague kushiriki. Njia hiyo inatosha kwa vitu vichache. Kwa folda kubwa haifai, kwa sababu mara nyingi husafirisha kwa Bluetooth, ambayo ni ya polepole sana.

## Hatua ya 1: Jenga njia

Zipo njia tatu. Anza na ya kwanza, na uziendee nyingine ikiwa tu ya kwanza imekataa.

Njia ya kwanza: mwenyeji arushe mtandao mwenyewe. Kwenye kompyuta mwenyeji fungua «Settings», kisha «Network & internet», kisha «Mobile hotspot». Bofya «Edit», weka jina la mtandao na nenosiri lisilopungua herufi 8, kisha hifadhi. Chagua kwamba mtandao ushirikiwe kupitia Wi-Fi, halafu washa swichi.

Mahali pa kuchagua masafa utaona gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Kompyuta zikiwa karibu na zote ni za miaka ya karibuni, chagua 5, kwa kuwa ni ya kasi zaidi. Kadi nyingi za Wi-Fi za zamani haziwezi kabisa kuuona mtandao wa gigahezi 5, kwa hiyo mgeni asipoliona jina la mtandao wako kwenye orodha, rudi kwenye 2.4 kabla ya kufikiria jambo lingine lolote.

Kwenye ukurasa huohuo zima kile kipengele cha kuokoa nguvu kinachofunga mtandao pale ambapo hakuna kifaa kilichojiunga. Kikibaki kimewashwa, mtandao utajizima baada ya dakika chache, pengine wakati bado unatafuta nenosiri upande wa pili.

Njia hii ina sharti moja ambalo ndilo linalowaangusha wengi: Windows hukataa kuwasha mtandao huo ikiwa kompyuta mwenyeji yenyewe haina muunganisho wowote wa kushirikisha. Utaona ujumbe unaosema kwamba haiwezi kuandaa «mobile hotspot» kwa sababu kompyuta haina muunganisho wa Ethernet (waya wa mtandao), Wi-Fi wala data ya simu. Ujumbe huo hauna maana kwamba kadi yako ni mbovu. Maana yake ni kwamba kipengele hiki kilitengenezwa kwa ajili ya kugawa intaneti, na kuhamisha faili ni faida inayokuja nyuma yake. Ukiupata, nenda njia ya pili.

Njia ya pili: amri za netsh. Bofya kitufe cha Windows, andika cmd (jina la dirisha la kuandikia amri), bofya matokeo kwa kitufe cha kulia na uchague «Run as administrator». Andika:

netsh wlan show drivers

Katika maelezo yatakayotokea, tafuta mstari unaosema «Hosted network supported». Ukisema «Yes», endelea na amri hizi mbili, ukiweka jina na nenosiri lako:

netsh wlan set hostednetwork mode=allow ssid=Uhamisho key=NenosiriLako

netsh wlan start hostednetwork

Ukisema «No», usipoteze muda kutafuta hila za kuulazimisha. Kadi nyingi za siku hizi zimeacha kuutumia mfumo huo wa zamani, na jibu la «No» linatoka kwenye programu inayoendesha kadi yenyewe.

Njia ya tatu: simu iwe katikati. Washa mtandao wa Wi-Fi wa simu yako, zima data, kisha unganisha kompyuta zote mbili kwenye simu. Faili hazitapita kwenye intaneti, kwa sababu simu inafanya kazi ya kupokezana tu kati ya kompyuta moja na nyingine. Simu nyingi za Android hukubali jambo hili, ilhali iPhone hudai data iwe imewashwa kabla ya kurusha mtandao. Hapa kasi itategemea simu, lakini njia hii imewasaidia watu ambao zile mbili za mwanzo zilikataa kabisa.

## Hatua ya 2: Mwunganishe mgeni, kisha upime njia

Kwenye kompyuta mgeni, bofya alama ya Wi-Fi, chagua jina la mtandao ulioweka, andika nenosiri. Windows inaweza kukuonyesha «No internet». Hilo ni la kawaida na wala si kosa: hauhitaji intaneti kwa kazi hii.

Uwe mwangalifu na jambo moja. Ikiwa mgeni anaujua mtandao mwingine ulio karibu, Windows inaweza kuuhama wako na kurudi kwenye ule wenye intaneti bila kukuuliza. Fungua mipangilio ya mtandao huo mwingine na uondoe alama ya kujiunga wenyewe, «Connect automatically», hadi utakapomaliza.

Na kama mwenyeji anatumia data ya kununua, mgeni anaweza kuanza kupakua masasisho kupitia kwake mara tu akijiunga. Bofya sifa za mtandao huo kwenye kompyuta mgeni na uwashe «Metered connection».

Katika ukurasa huohuo wa sifa, badilisha aina ya mtandao kutoka «Public» kuwa «Private». Windows huuchukulia mtandao mpya kuwa wa umma, kama ule wa hotelini, na kwenye mtandao wa umma hufunga milango yake ya kushirikisha faili. Ikiwa unatumia njia ya simu, fanya hivyohivyo kwenye kompyuta mwenyeji pia, kwa kuwa nayo imejiunga na mtandao wa simu kama mgeni mwingine.

Sasa pima. Kwenye kompyuta mgeni fungua dirisha la cmd la kawaida na uandike:

ipconfig

Tafuta sehemu ya Wi-Fi. Ukiwa umetumia njia ya kwanza, utaona anwani ya IPv4 inayoanza na 192.168.137, na mstari wa «Default Gateway» utakuwa 192.168.137.1. Hiyo ya mwisho ndiyo anwani ya mwenyeji. Iandike kwenye karatasi. Ukiwa umetumia njia ya pili au ya tatu, namba zitakuwa nyingine, kwa hiyo endesha ipconfig kwenye kompyuta mwenyeji na uandike anwani yake ya IPv4 kama ilivyo. Kuanzia hapa, kila utakapoona 192.168.137.1, weka hiyo yako.

Anwani inayoanza na 169.254 ni dalili kwamba mgeni amefika hewani lakini hakupewa anwani, hivyo amejipangia mwenyewe. Zima mtandao kwenye mwenyeji, subiri kidogo, uwashe tena na mgeni ajiunge upya. Usiende Hatua ya 3 ukiwa na anwani hiyo.

## Hatua ya 3: Tengeneza akaunti ya mgeni

Hatua hii haimo kwenye maelekezo mengi, na nadhani ndiyo inayowaumiza watu kuliko zote.

Windows inapoombwa folda kupitia mtandao, huuliza jina la mtumiaji na nenosiri lililomo kwenye kompyuta mwenyeji. Watu hujibu swali hilo kwa PIN wanayotumia kila asubuhi kufungulia kompyuta. PIN haikubaliki hapa kamwe, kwa sababu PIN ni ya kifaa kimoja tu na haisafiri kwenye mtandao. Wengine hawana nenosiri lolote kwenye akaunti yao, na wanaacha nafasi wazi. Hilo nalo hukataliwa, kwa kuwa Windows hairuhusu akaunti isiyo na nenosiri kuingia kutoka mbali. Nimekaa kando ya mtu aliyeandika PIN yake mara saba, kila mara polepole zaidi, akiamini vidole vyake vinakosea, ilhali namba zote alizoandika zilikuwa sahihi. Kilichotakiwa kilikuwa kitu kingine.

Wapo wanaoshauri kuzima ulinzi wa nenosiri kabisa ili kila mtu aingie. Siupendi ushauri huo. Kwanza unaiacha folda wazi kwa yeyote aliye kwenye mtandao, na pili matoleo mapya ya Windows 11 Pro hukataa kuingia pasipo nenosiri, kwa hiyo unaweza kuzima ulinzi na bado ukafungiwa nje.

Lililo salama na rahisi ni kutengeneza akaunti maalumu kwa kazi hii. Kwenye kompyuta mwenyeji, fungua cmd kwa «Run as administrator» na uandike:

net user mgeni * /add

Utaombwa nenosiri mara mbili. Unapoandika hakuna herufi wala nyota itakayoonekana, na kishale hakitasogea. Hivyo ndivyo kilivyo, andika tu na ubonyeze Enter. Ukimaliza, andika hostname na ubonyeze Enter ili kupata jina la kompyuta, kisha liandike kwenye karatasi pamoja na nenosiri.

Kipimo chako ni ujumbe «The command completed successfully». Ukiona «Access is denied», dirisha hilo halikufunguliwa kwa nguvu za msimamizi.

## Hatua ya 4: Fungua milango ya kushirikisha

Bado uko kwenye kompyuta mwenyeji. Kwenye Windows 11, fungua «Settings», «Network & internet», «Advanced network settings», kisha «Advanced sharing settings». Kwenye Windows 10, ukurasa huo uko ndani ya «Control Panel», sehemu ya «Network and Sharing Center», upande wa kushoto.

Katika sehemu ya mitandao ya binafsi, washa «Network discovery» na «File and printer sharing». Katika sehemu ya mitandao yote, acha «Password protected sharing» ikiwa imewashwa.

Kisha iko ngome ya Windows, yaani programu inayoamua mawasiliano yapi yaingie na yapi yazuiwe. Mtandao unaorushwa na kompyuta yenyewe mara nyingine huhesabiwa kuwa wa umma hata kama wewe umekwisha kuchagua wa binafsi kwingineko. Fungua «Control Panel», «Windows Defender Firewall», kisha «Allow an app or feature through Windows Defender Firewall». Bofya «Change settings», tafuta «File and Printer Sharing», na uweke alama kwenye visanduku vyote viwili, cha binafsi na cha umma. Alama ya pili utaiondoa ukimaliza kazi. Usiizime ngome nzima kama wengi wafanyavyo, kwa sababu kufungua mlango mmoja kunatosha.

Ukiwa na programu nyingine ya kuzuia virusi yenye ngome yake, mpangilio wa Windows pekee hautoshi. Fungua programu hiyo na uuweke mtandao huu kwenye orodha ya mitandao inayoaminika.

Sasa pima kutoka kwa mgeni. Fungua PowerShell, dirisha lingine la amri ambalo hutafutwa kama cmd, na uandike:

Test-NetConnection 192.168.137.1 -Port 445

Namba 445 ni mlango ambao Windows huutumia kushirikisha faili. Ukiona «TcpTestSucceeded : True», njia ni nzima na mlango uko wazi; tatizo lolote litakalotokea kuanzia hapo litakuwa la ruhusa. Ukiona «False», rudi kwenye ngome. Kipimo hiki kimoja hukuondolea kubahatisha, kwa maana kinatenganisha sawasawa zile kazi mbili nilizozitaja mwanzo.

## Hatua ya 5: Andaa folda

Tengeneza folda mpya moja kwa moja kwenye diski C na uiite Hamisha. Sishauri kushirikisha «Documents» au «Desktop», kwa sababu folda hizo zina ruhusa zake za ndani zinazomhusu mwenye akaunti, na mara nyingine zimeunganishwa na hifadhi ya mtandaoni, hivyo faili unazoziona huenda hazimo kwenye diski.

Weka faili zako ndani ya folda hiyo kwanza, kisha ndipo uishirikishe. Utaratibu huu una sababu yake. Faili inayohamishwa kutoka mahali pengine kwenye diski hiyohiyo inaweza kubaki na ruhusa za kule ilikotoka, na matokeo yake ni folda inayofunguka vizuri huku baadhi ya faili ndani yake zikikataa. Ukishirikisha baada ya faili kuingia, ruhusa mpya huzifikia zote. Ukilazimika kuongeza faili baadaye, nakili badala ya kuhamisha.

Bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua «Properties», kisha kichupo cha «Sharing», kisha kitufe cha «Share…». Andika mgeni, bofya «Add». Kwenye safu ya ruhusa chagua «Read» ikiwa mgeni atachukua tu, au «Read/Write» ikiwa ataleta pia. Kama huna uhakika, chagua «Read», kwani kwa ruhusa hiyo hata kidole kikiteleza upande wa mgeni hakuna faili ya asili itakayofutika.

Kando yake pana kitufe cha «Advanced Sharing», ambacho huvutia kwa jina lake. Kiache. Folda ya Windows ina ruhusa za aina mbili, za mtandao na za diski, na iliyo kali zaidi ndiyo hushinda. Kitufe cha «Share…» hushughulikia zote mbili kwa pamoja. Kile kingine hugusa za mtandao peke yake, ndiyo maana mtu huandika kwamba ametoa ruhusa zote na bado mgeni anakataliwa.

Utajua umefaulu Windows ikikuonyesha kwamba folda imeshirikiwa, pamoja na njia yake inayoanza na \\ na kuishia na Hamisha.

## Hatua ya 6: Ingia kutoka kwa mgeni

Kwenye kompyuta mgeni bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha andika:

\\192.168.137.1\Hamisha

Mikwaju hiyo huinamia kushoto. Ukiandika ile inayoinamia kulia, iliyo kwenye kitufe kimoja na alama ya kuuliza katika baobonye nyingi, Windows huenda isielewe. Natumia anwani ya namba badala ya kusubiri jina la kompyuta lijitokeze kwenye orodha ya mtandao, kwa sababu orodha hiyo huchelewa, na pengine isionyeshe kitu ilhali kila kitu kiko sawa.

Dirisha la nenosiri litatokea. Kwenye jina la mtumiaji andika jina la kompyuta mwenyeji, mkwaju, kisha mgeni. Ikiwa jina la kompyuta ni OFISI1, utaandika OFISI1\mgeni. Ukiandika mgeni peke yake, kompyuta inaweza kudhani unataja akaunti ya kwake yenyewe na kuitafuta mahali isipokuwepo.

Ukifaulu, faili zitaonekana kana kwamba ziko kwenye diski yako.

Ukiona msimbo 0x80070035, mwenyeji hapatikani: anwani imeandikwa vibaya, mgeni amehamia mtandao mwingine, au ngome imefunga. Rudia kipimo cha Hatua ya 4. Ukiambiwa kwamba huwezi kutumia majina mawili ya watumiaji kwa kompyuta moja, ni kwa sababu Windows bado imeshikilia jaribio lako la awali. Funga madirisha ya folda, fungua cmd na uandike net use * /delete, ukijua kwamba amri hii hukata miunganisho yote ya folda za mtandao kwenye kompyuta hiyo, kisha ujaribu tena.

## Hatua ya 7: Nakili faili

Kwa faili chache, nakili na ubandike kama kawaida. Kwa folda kubwa nashauri amri ya robocopy, iliyomo ndani ya Windows. Wi-Fi ikikatika katikati, kunakili kwa kawaida hukuacha hujui ni zipi zimefika. Robocopy hukuruhusu kurudia amri ileile, na itaziruka zilizokwisha kufika.

Fungua cmd ya kawaida kwenye kompyuta mgeni. Usitumie ile ya msimamizi, kwa sababu haitambui kuingia ulikokwisha kufanya. Andika kwa mstari mmoja, ukiweka mahali pako pa kupokelea badala ya D:\Zilizofika:

robocopy "\\192.168.137.1\Hamisha" "D:\Zilizofika" /E /Z /R:3 /W:5

Herufi /E huchukua folda zote za ndani, hata zilizo tupu. /Z huwezesha faili kubwa kuendelea kutoka ilipokatikia. /R:3 na /W:5 huiambia ijaribu mara 3 tu na kusubiri sekunde 5 kila mara. Bila hizo, robocopy hujaribu faili moja iliyokataa mara 1,000,000 kwa kusubiri sekunde 30, na utadhani kompyuta imeganda.

Usiweke mkwaju mwishoni kabla ya alama ya kufunga nukuu, kwani amri itasomwa vibaya. Na usiongeze /MIR uliyoiona mahali fulani: hiyo hufuta upande wa kupokelea kila kitu ambacho hakipo upande wa kutolea, na kilichofutwa hivyo hakiendi kwenye pipa la taka.

Kuhusu muda, hesabu kwa megabaiti unazoziona zikipita kwa sekunde. Gigabaiti 40 kwa megabaiti 25 kwa sekunde huchukua kama dakika 27. Kwa megabaiti 4 kwa sekunde, kazi hiyohiyo itachukua karibu saa 2 na dakika 47. Kasi ikiwa ndogo hivyo, sogeza kompyuta karibu, jaribu gigahezi 5, na kama mwenyeji anapokea intaneti kwa Wi-Fi huku akiirusha kwa kadi hiyohiyo, simamisha upakuaji wowote, kwa sababu kadi moja inagawana muda wake baina ya kazi mbili.

Mwishoni robocopy hutoa jedwali. Angalia safu ya «FAILED»: isome 0 kote. Kisha bofya folda kwa kitufe cha kulia kwenye kila kompyuta, fungua «Properties», na ulinganishe idadi ya faili na mstari wa «Size», ukisoma ile namba ndefu ya baiti iliyo ndani ya mabano. Usilinganishe «Size on disk», ambayo inaweza kutofautiana kati ya diski na diski hata faili zikiwa zilezile. Fungua pia faili mbili tatu kubwa, hasa video, na uziruke hadi karibu na mwisho wake. Usifute chochote upande wa mwenyeji kabla ya kufanya hivyo.

## Hatua ya 8: Funga ulivyofungua

Kwenye kompyuta mwenyeji, rudi kwenye «Properties» za folda na uondoe ushirikishaji. Ondoa ile alama ya mtandao wa umma uliyoiweka kwenye ngome. Futa akaunti kwa cmd ya msimamizi:

net user mgeni /delete

Zima «Mobile hotspot», au kama ulitumia njia ya pili, andika netsh wlan stop hostednetwork. Kwenye kompyuta mgeni, rudisha alama ya kujiunga wenyewe kwenye mtandao wako wa kawaida, na uuondoe mtandao wa uhamisho kwa kuchagua «Forget». Ikiwa mtaifanya kazi hii tena wiki ijayo, mnaweza kuiacha folda na akaunti kama zilivyo, lakini alama ya mtandao wa umma kwenye ngome iondolewe leo, kabla kompyuta hiyo haijajiunga na Wi-Fi ya mahali pengine.